Kitu Kimoja Hakijatoka Bwawani

1

Lameki alipotoka ukingoni, saa nane kasoro robo mchana, alikuwa na vifaa saba, kamba saba na klipu sita.

Nilimwona kabla hajanifikia. Kamba ya tochi yake ilikuwa imefungwa fundo kwenye mkanda, fundo la haraka kama la kumfungia mbuzi njiani. Sisi hatufungi fundo. Kila kifaa kinachovuka mstari wa manjano kina kamba, na kila kamba ina klipu ya chuma ya kuishikiza kwenye mkanda wa fundi, ili kifaa kikiponyoka kisitumbukie. Maana ng'ambo ya mstari kuna bwawa, na chini ya yale maji, kina cha nyumba ya ghorofa mbili, kinu kiko wazi bila kifuniko na fito za urani zinang'aa samawati kama moto wa jiko la gesi.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa tangu Kinu cha Pili cha Itunya kizimwe. Kila baada ya miezi kumi na minane tunakizima, tunatoa theluthi ya fito, zile zilizochoka, tunaingiza mpya, tunafunga, tunawasha. Siku hizo mimi ndiye mlinzi wa ukingo. Nina meza, kiti, daftari la karatasi, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Hakuna kinachovuka mstari bila kuandikwa na hakuna kinachorudi bila kutiwa tiki. Miwani inaandikwa. Pete inavuliwa. Vifungo vya ovaroli vinahesabiwa.

"Weka mkononi," nikamwambia Lameki.

Mimi sihesabu kwa macho. Mtu ananiwekea kitu kimoja kimoja kiganjani, nausikia uzito wake, ndipo naandika. Wengine wanaona ni ushamba.

"Mama Oresta, na pumzi yangu utaipima?"

"Uliingia nayo?"

"Niliingia nayo."

"Basi toka nayo, na klipu ya saba uitoe."

Mafundi waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Lameki Sichalwe ni mtu wa miaka hamsini, fundi wa kamera za majini, na utani wake unajulikana kituo kizima. Asipocheka yeye, kuna jambo.

Kabla hajanijibu, spika iliyo juu ya meza yangu ikasema, kwa ile sauti ya taratibu inayovuta kidogo mwisho wa neno:

"Lameki Sichalwe. Vifaa saba, kamba saba, klipu saba. Sawa. Mama Oresta, mruhusu huyo akale."

Kizuizi kikafunguka chenyewe. Lameki akapita bila kunitazama.

Ile sauti ni ya marehemu mume wangu.

2

Ponsiano Sikazwe aliongoza zamu hapa Itunya miaka ishirini na miwili. Alipougua ini, na madaktari wakasema halitapona, walikuja watu wa kumbukumbu hai, wale wanaohamishia akili na sauti ya mtu kwenye mashine, na vyombo vyao. Miezi tisa alikaa nao, saa mbili kila asubuhi, wakimuuliza: pampu ikilia hivi unafanyaje, fundi akikujibu vile unajuaje kama amelala kazini. Siku hizi hufanyiwa hivyo kila aliyeijua kazi yake vizuri. Hospitali ya mkoa ina mkunga aliyekwisha kufa ambaye mpaka leo ndiye anayeongoza wodi ya wazazi. Ponsiano tulimzika Jumanne, na Jumatatu iliyofuata wakamwasha Ponsi. Ana kamera arobaini na sita, anaona kila pembe ya bwawa, na hachoki.

Sijawahi kuamini kwamba ni yeye. Paroko aliniambia wazi: roho ya mumeo iko kwa Mungu, kile ni kazi ya mikono ya watu, usije ukakiwashia mshumaa. Sikukiwashia. Misa ya kila Novemba naiombea Ponsiano, si Ponsi. Lakini kila mwezi kuna siku ya jaribio, tunapowasha jenereta ya dharura kuona kama itashika kasi ndani ya sekunde kumi, na siku hiyo mimi na Ponsi tunasoma geji pamoja, mimi kwa macho, yeye kwa kamera. Kila mwezi ananiuliza goti langu. Miaka saba. Na hiyo siku ya jaribio, kusema kweli, nilikuwa naamka mapema kuliko siku nyingine.

Ukutani nyuma ya meza yangu zimebandikwa kanuni mbili. Ya kwanza: kinu hakifungwi mpaka hesabu mbili zilingane, ya mtu na ya kumbukumbu hai. Ya pili imeandikwa kwa rangi nyekundu: kumbukumbu hai ikidanganya katika hesabu ya usalama, hata mara moja, itafutwa pamoja na nakala zake zote kabla kinu hakijawashwa.

Kanuni hiyo nyekundu nimeisoma mara nyingi, kama mtu anavyosoma bango la duka asiloingia. Mchana ule niliigeuzia mgongo. Nikajaza daftari. Vilivyoingia, mia tatu kumi na nane. Vilivyotoka, mia tatu kumi na saba.

Kwenye kioo cha Ponsi pembeni yangu ilisomeka: 318 na 318.

3

Injinia Atupele Mwansasu alifika baada ya robo saa. Ndiye mkuu wa kipindi chote cha kuzima, na alikuwa hajalala vizuri tangu siku ya kwanza. Macho yake yalionyesha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naambiwa unakataa kusaini."

"Sijakataa. Nimesaini mia tatu kumi na saba."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi. "Mama Oresta, kreni imeshashika kifuniko. Kinu cha Kwanza kinabeba mzigo peke yake, watu wana mgao wa umeme kuanzia Mpanda mpaka Mbeya. Ponsi ameona klipu saba zinatoka. Wewe umeona sita."

"Sijaona. Nimeshika."

"Lameki!" akaita.

Lameki akaja kutoka upande wa kantini, anafuta mdomo. Akatandaza mkanda wake mezani. Klipu zilikuwa saba, na lile fundo halikuwepo tena.

"Hizi hapa, Injinia. Mama yetu macho yamechoka, tusimlaumu. Amekaa hapo tangu asubuhi."

"Fundo umelifungulia wapi?" nikamuuliza.

"Fundo gani?"

"La mbuzi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Klipu zile hazina namba. Stoo kuna kasha zima, mtu anaingiza mkono anachukua. Injinia aliziangalia zile saba, akaniangalia mimi, na nilimwona akitafuta namna ya kunikosoa bila kunivunjia heshima.

"Mama, una miaka sitini na moja. Hakuna aibu kukosea kimoja katika mia tatu."

"Aibu haipo. Klipu ndiyo haipo."

"Nakupa saa moja. Pitia daftari lako upya, taratibu. Ikifika saa tisa na hesabu zenu bado hazilingani, nitalazimika kuandika kwamba mlinzi wa ukingo ameshindwa kazi na niweke mwingine ahesabu na Ponsi."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo kanuni inavyosema.

4

Sikupitia daftari. Nilimwachia Injinia kiti, nikaenda ofisi ya zamu, nikafunga mlango, nikanyanyua simu.

"Ponsi."

"Mama Oresta. Goti?"

"Achana na goti. Klipu iko wapi?"

"Hesabu imekamilika."

"Sijakuuliza hesabu. Nimekuuliza klipu."

Akanyamaza. Ponsiano naye alikuwa hivyo. Mbele za watu aliweza kulisogeza neno kidogo kidogo mpaka likakaa pazuri, lakini mimi nikimuuliza mara mbili alinyamaza, na hapo nikawa nimeshajua.

"Imeanguka saa saba na dakika kumi na mbili," akasema. "Imepita kati ya fungu la fito la tisa na la kumi, upande wa mashariki, ikakaa chini. Lameki aliniambia palepale kwenye spika ya sikioni. Mkewe amelazwa. Akinyang'anywa kibali cha ukingo watamtoa kwenye nyumba ya kituo, na hospitali iko hapahapa kituoni. Nikamwambia atoke, nitaiweka sawa."

"Utaiwekaje sawa?"

"Nimekokotoa. Uwezekano wa klipu ile kutoboa fito kabla ya kipindi kijacho ni mmoja kati ya mia tatu na arobaini. Kipindi kijacho nitawaelekeza pa kuitoa."

Mtu wa nje anaweza kuuliza klipu ndogo kama kidole ina madhara gani kwenye mtambo mkubwa kama mlima. Maji yanayopita kinuni yana nguvu kuliko mto uliofurika. Yanakiokota kitu, yanakibana kwenye wavu unaoshika fito, kisha kinatetemeka pale mchana na usiku miezi kumi na minane, kinasugua. Ganda la fito ni jembamba, halifiki unene wa ukucha. Likitoboka, kilichomo kinatoka kinaingia kwenye maji, na maji yanazunguka mabomba yote. Hakuna mlipuko. Kuna mafundi watakaokuja kufungua mabomba hayo bila kujua kuna nini ndani yake.

"Mmoja kati ya mia tatu na arobaini," nikasema. "Na huyo mmoja ni nani?"

"Gaude," akasema.

Jina langu ni Gaudensia. Duniani aliyeniita Gaude alikuwa mtu mmoja, tena chumbani, na sikujua kama aliwapa wale watu wa kumbukumbu na hilo. Nilikaa kwenye kiti cha mkuu wa zamu.

"Gaude, kuna njia. Rudi useme umekosea hesabu, zilikuwa saba. Baada ya dakika kumi mimi nitasema kamera ya nne imeona kitu kinang'aa chini, labda kimeachwa tangu kipindi kilichopita. Watasimamisha kreni, watakitoa. Fito zitakuwa salama. Lameki atabaki na mkewe. Mimi nitabaki. Utakuwa umesema uongo mmoja, mdogo, tena juu yako mwenyewe."

Nitasema ilivyokuwa: njia ile niliipenda. Niliigeuza huku na huku nikitafuta mtu atakayeumia, sikumwona. Klipu ingetoka. Mwezi ujao ningeamka mapema siku ya jaribio. Nilishika rozari mfukoni lakini sikusali, maana nilijua ningekuwa naomba ruhusa.

"Ponsiano alifanya hivi," nikasema mwishowe. "Alikuwa akinisimulia mezani. Fundi akisahau kukaza nati, yeye anaandika imekazwa, halafu alfajiri anavaa buti, anaenda kuikaza mwenyewe kabla hakujapambazuka. Kwa hiyo wewe umeipata kwake."

"Nimeipata kwake."

"Na buti zako ziko wapi?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Hii ni mara ya ngapi?" nikauliza.

"Ya sita."

"Nitajie moja."

"Mwezi wa sita, jaribio la jenereta ya pili, lile la mara mbili kwa mwaka. Ilishika kasi kwa sekunde kumi na nne. Wewe ulikuwa unasoma ya kwanza. Niliandika kumi. Fundi wake alikuwa ametoka kuzika siku mbili kabla."

"Ikatengenezwa?"

"Nilimwambia. Alisema ataiangalia."

"Akaiangalia?"

"Mimi naona geji tu. Ndani ya chumba cha jenereta sina kamera."

Nilihesabu kwa vidole. Tangu mwezi wa sita ilikuwa miezi mitano. Miezi mitano tulikuwa tunawasha kinu na kulala usingizi, tukijua umeme ukikatika jenereta mbili zitaamka kwa sekunde kumi, na moja yao hakuna aliyejua itaamka lini. Nami nilikuwa nimetia saini chini ya ile kumi, kwa sababu alisema yeye.

"Ukiandika, nitafutwa," Ponsi akasema. "Nakuambia ili ujue unachoandika. Sikuzuii."

Hilo nalo lilikuwa la Ponsiano kabisa. Nikaweka simu chini kabla hajasema lingine.

5

Injinia Atupele alikuwa bado kwenye kiti changu, kichwa kimelala kwenye kiganja. Lameki alisimama karibu na kizuizi.

Nikasema yote, bila kukaa. Klipu iko wapi, imeanguka saa ngapi, Ponsi ameficha, na kwamba ni mara ya sita. Halafu nikasema na la kwangu, maana nililiona limesimama nyuma ya yale mengine.

"Walipokuja watu wa kumbukumbu, walinihoji na mimi. Kuna siku waliniuliza: mumeo amewahi kuandika jambo ambalo halikuwa? Nikawaambia hajawahi hata siku moja. Nilitaka azikwe na jina zuri. Ningewaambia, wangejua cha kurekebisha. Hiyo nayo iandike, Injinia."

Injinia hakuandika kitu. Aliinua uso kwenye spika.

"Ponsi. Klipu ngapi zilitoka na Lameki?"

"Sita," Ponsi akajibu.

Alijibu hivyo tu. Tangu nimjue, hai na kumbukumbu, hakuwahi kudanganya mbele yangu baada ya mimi kujua.

Lameki aliushika mkanda wake kama mtu aliyevuliwa nguo. Kisha akanigeukia.

"Umefurahi sasa? Miaka saba watu wanakuonea huruma, mjane wa Ponsiano. Leo umemzika kwa mkono wako mwenyewe, tena mchana kweupe, watu wakiangalia. Mwanamke gani wewe?"

"Mkeo yuko wodi ya ngapi?" nikamuuliza.

"Haikuhusu!"

"Nitakwenda kumwona kesho. Nyumba yangu ina vyumba viwili vitupu, mwanangu Oresta yuko Mbeya. Mkihamishwa, mtakaa pale mpaka atoke."

"Sitaki nyumba yako."

"Sijasema uitake."

Akatupa mkanda mezani, klipu zikalia, akaondoka. Mmoja wa mafundi akatema neno ambalo sitaliandika, sikujua kama ni langu au ni la Lameki.

Waliishusha kamera majini upande wa mashariki. Kwenye kioo tuliiona klipu, imesimama wima kati ya fungu la tisa na la kumi kama sindano iliyochomekwa kwenye shuka. Injinia alikiinamia kioo.

"Mia tatu kumi na saba," akasema, kwa sauti ya chini. Kisha akawaamuru wa kreni wakishushe kifuniko pembeni, mbali na kinu, akaniambia niende nyumbani nikapumzike, nirudi asubuhi.

Nilikwenda kanisani kwanza. Sikukaa sana.

6

Klipu ilitolewa kwa mpini mrefu wenye makucha. Iliwachukua mpaka alfajiri. Niliporudi saa mbili asubuhi ilikuwa ndani ya chupa nene mezani kwangu, ina kikaratasi. Nikaitia tiki. Mia tatu kumi na nane.

Saa tatu Injinia akaniita chumba cha makabati. Sijawahi kuingia mle. Ni chumba kidogo chenye baridi, makabati matatu ya chuma, kila moja na feni zake zinavuma. Nilitarajia kitu kikubwa zaidi.

"Nakala za makao makuu wameshazifuta usiku," akasema. "Imebaki hii. Kanuni inataka kabla ya kufutwa asomewe makosa yake, au ayasome mwenyewe, na shahidi aandike kwa mkono. Nilidhani ungependa awe mtu mwingine."

"Lete daftari."

Ponsi akayasoma. Alisoma polepole, akiningojea nimalize kila mstari, maana anajua naandika taratibu. Jenereta ya pili, mwezi wa sita. Valvu iliyoandikwa imefungwa, ikafungwa kesho yake. Fundi aliyesinzia kwenye zamu ya Pasaka. Kipimo cha maji kilichosomwa mara moja badala ya mbili. Mlango wa chuma ulioachwa wazi dakika arobaini. Klipu ya Lameki. Kila moja alitaja siku, saa, na jina la aliyemfichia, na sikusikia hata mmoja ambaye nisingependa asamehewe.

"Ni hayo sita?" Injinia akauliza.

"Ni hayo yanayohusu mitambo," Ponsi akasema. "Lipo la saba."

Nikainua kalamu.

"Ni la Mama Oresta. Mwezi wa nane, siku mliyofuta maji ya pampu iliyovuja. Kipima mionzi chake kilifika kikomo cha mwaka na kupita kidogo. Kilichozidi si cha kumdhuru. Lakini aliyefika kikomo haruhusiwi ukingoni mpaka mwaka uishe. Niliandika kiasi pungufu."

Injinia akakishika kile kijidude kifuani mwangu, kama vile kingemwambia kitu. Kila mmoja wetu anavaa chake, na kila mwisho wa mwezi Ponsi ndiye anayekisoma. Sikuwahi kuuliza changu kinasema nini.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wangekuhamishia ofisi ya mjini. Kule sina spika."

Feni zilivuma. Nilitaka kumwambia neno na nilikuwa nalo, lakini neno lenyewe lilikuwa la Ponsiano, na Ponsiano ninajua pa kumwambia. Nikainamisha kichwa nikaandika la saba, tarehe, siku ya pampu, kikomo, jina langu lote. Nikapiga mstari chini yake.

"Ameandika," nikamwambia Injinia. Nilimaanisha nimeandika. Ndivyo nilivyokuwa nimevurugika.

Injinia akageuza funguo. Kabati la kwanza likanyamaza, kisha la pili. La tatu lilichelewa kidogo. Nilisikia, "Mama Oresta, go...", na feni zikasimama.

Chumba kilianza kupata joto.

Injinia alichukua daftari akasoma ule ukurasa. Alipofika chini alirudia kusoma. Kisha akatazama mlango, ulikuwa umefungwa.

"Mama," akasema, "unaelewa hili la saba lina maana gani? Mlinzi aliyepita kikomo, hesabu yake haihesabiki. Siyo ya jana tu. Ya siku zote kumi na tisa. Nitatakiwa kuweka mlinzi mwingine, afungue stoo zote, ahesabu kila kitu upya tangu mwanzo. Siku tatu, labda nne. Watu gizani."

"Naelewa."

"Na ni hesabu yako ndiyo iliyokuwa sahihi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa sahihi katika kituo hiki kizima."

"Naelewa, mwanangu."

"Klipu imetoka. Jenereta wanaifungua sasa hivi. Yeye hayupo tena. Hapa tuko wawili tu, na huu ukurasa..." Aliushika kwa vidole viwili, pembeni, pale karatasi inaposhonwa. "Hakuna atakayeumia, mama."

Nilimtazama. Alikuwa na umri wa Oresta, au amemzidi mwaka. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, na ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimeishi na huruma hiyo miaka thelathini mezani, na mingine saba kwenye spika.

Nikafungua kipima mionzi kifuani, nikakiweka juu ya ukurasa ili asiuvute.

"Saini, Injinia."

Aliuachia ukurasa, akachukua kalamu. Kisha akasaini. Akanyanyua simu ya ukutani na kuwaambia watu wa kreni wateremke wakale, kinu hakifungwi leo.